Kamera ya Rubani: hela ya kikoba na ndege za Kiwalani

SEHEMU YA 1

Wiki iliyopita niliweka picha ya ndege ya pangaboi, jua linazama nyuma yake, nikaandika tu "kazi ya Rubani wangu." Jamani! Meseji zimejaa. Wengine mnauliza ni simu gani hiyo, wengine kamera inauzwaje, na mama mmoja kaniuliza kama nimeacha unesi nimekuwa mpiga picha. Sijaacha. Nimetoka naiti leo asubuhi, nimelala mpaka saa nane, sasa maharage yako jikoni na mimi naandika. Itakuwa ndefu, nitaikata vipande.

Kwa wageni: Rubani ni mwanangu wa kwanza, ana miaka 12. Jina lake halisi siandiki humu. Ana selimundu, ile ambayo wengi tunaiita siko seli. Mtoto mwenye selimundu hakatazwi kucheza, hilo nawaambia wazazi kila siku. Anachotakiwa kukwepa ni kuchoka kupitiliza, kukaukiwa maji na kupigwa na baridi. Lakini hebu waeleze hilo watoto kumi wa mtaani wanaocheza chandimu kuanzia saa tisa mpaka magharibi. Mwanangu anacheza robo saa, anatoka pembeni kunywa maji na kupumzika, akirudi namba yake imeshachukuliwa. Imetokea mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Mwishowe akaacha kwenda. Akawa anakaa uani kwetu juu ya ndoo iliyofunikwa, anaangalia juu.

Sasa sisi tunakaa Kiwalani. Anayepajua anajua ninachosema. Ndege zinazotua Uwanja wa Julius Nyerere zikija kwa upande wetu, mazungumzo yanasimama kwanza, ndege ipite, ndipo mnaendelea kusemana. Kwangu ilikuwa kero, hasa nikitoka naiti nataka kulala. Kumbe mwenzangu pale uani alikuwa ameanza kazi. Siku moja naokota daftari lake la kaunta nikidhani ni hesabu, nakuta tarehe, saa, shirika, aina ya ndege. Kurasa kumi na nne.

Nikamuuliza, wewe unazijuaje? Akaniambia kama mwalimu: "Mama, zile mbili za pangaboi zinafanana lakini siyo moja. Dash 8 magurudumu yake makubwa yanashuka kutoka kwenye injini. ATR yanatoka ubavuni mwa tumbo." Mimi nimezaliwa Dar, nimepanda ndege mara mbili, sikuwahi kujua hilo. Kesho yake nikaangalia. Ni kweli.

Kilichomsumbua ilikuwa namba ya usajili, ile inayoandikwa karibu na mkia. Ya kwetu inaanza na 5H, ya Kenya 5Y, ya Ethiopia ET. Yeye alitaka kujua hii 787 iliyopita leo ndiyo ile ya jana, au ni nyingine? Kwa macho huisomi. Kwa simu yangu ndio kabisa, ndege inatoka kama inzi aliyetua kwenye ukuta mweupe, na ukivuta kwa vidole inzi anakuwa ukungu. Simu nyingi za bei yetu ukivuta zinakuza picha tu kama unavyokuza karatasi, hazisogei karibu na kitu kwa ukweli.

Akaniomba kamera. Aliomba mara moja tu, kwa sauti ndogo, halafu akaongeza, "siyo lazima."

Wenye watoto wanaoumwa mnajua hiyo "siyo lazima" inavyochoma.

SEHEMU YA 2

Hela. Tuongee wazi maana ndiyo mnayotaka.

Kikoba chetu tulivunja Desemba, nikapata milioni moja na laki nne. Laki nne ni ya shule ya watoto wote wawili, Januari ikifika haina mjadala. Laki mbili na nusu inaingia kwenye bahasha ya dharura. Hiyo bahasha inakaa kabatini mwaka mzima kwa ajili ya Rubani: bodaboda au taksi ya saa nane usiku, vipimo, dawa ambayo siku hiyo imekosekana. Ikabaki laki saba na nusu, ambayo baba yao alishaipangia kubadilisha mabati ya upande wa jikoni.

Nilipomwambia kamera, aliniangalia kwanza kama nimechanganyikiwa na naiti. Halafu akasema taratibu, "Mama Rubani, mtoto akizidiwa tutauza kamera?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa ananiuliza swali ambalo mimi mwenyewe ningemuuliza mzazi mwingine. Siku tatu tukawa tunaongea mambo ya chumvi na gesi tu. Siku ya nne ndiye aliyeanza. Alikuwa amerudi mapema, akamkuta mtoto uani, wakakaa wote kama saa nzima. Akaja jikoni akasema, "Bahasha isiguswe hata mia. Mabati yatasubiri masika yapite, tutaweka ndoo." Masika, jamani! Mabati yanavuja masika, siyo kiangazi. Lakini nilielewa alichokuwa ananipa, nikakaa kimya.

Kwa hiyo mwisho wetu ulikuwa 750,000, kila kitu humo humo.

SEHEMU YA 3

Hapa ndipo nilipoliwa, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika yote haya.

Nilikwenda duka la kwanza mjini nikiwa najua kitu kimoja tu, kwamba nataka lenzi inayovuta mbali. Kijana pale akanitolea Nikon D3200 iliyotumika na lenzi ya 70-300. Akaichungulisha nje, nikaona maandishi ya bango la mbali kabisa. Nikafurahi, nikatoa hela. Nimefika nyumbani, Rubani anaielekeza juu, anabonyeza, haishiki. Picha zote ukungu. Nikafikiri mtoto hajui, nikajaribu mimi, vilevile.

Kumbe ni hivi, na shikeni hapa. Kamera ndogo za Nikon kama hiyo D3200 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Zinategemea mota iliyo kwenye lenzi. Lenzi za Nikon zilizoandikwa AF-S au AF-P zina mota. Zilizoandikwa AF peke yake ni za mtindo wa zamani, zinasubiri bodi izizungushe. Ukiweka AF tupu kwenye D3200 inapiga, lakini fokasi unazungusha kwa mkono. Ua halikimbii, ukilipiga picha hivyo utafanikiwa. Ndege inayokuja kutua? Hata mtu mzima aliyezoea atapata moja kati ya nyingi. Na AF-P nazo mwenye Nikon ya zamani aulize kwanza, maana kuna bodi zisizoelewana nazo kabisa.

Nikairudisha kesho yake. Kijana anasema, "Sista, si inapiga lakini? Unazungusha tu." Baada ya kuvutana akarudisha hela, akakata elfu 50 ya "usumbufu." Usumbufu wangu au wake sikuuliza. Nilikuwa na shifti ya mchana.

Baada ya hapo nikaanza kusoma, usiku wodi ikitulia, na Rubani naye kwa upande wake. Tulichokuja kuelewa ni kwamba kwa ndege zinazoruka, hela nyingi zaidi inatakiwa ifikirie lenzi kabla ya bodi. Bodi ya mwaka 2013 ukiipa lenzi sahihi inakutosha. Bodi mpya yenye ile lenzi fupi inayokuja nayo kwenye boksi, ya 18-55, itakupa inzi yuleyule ila msafi zaidi.

Watu pia walinishauri zile kamera za zumu moja kubwa isiyotoka, kama Nikon Coolpix P900 ambayo inavuta mara 83. Ukionyeshwa mwezi nayo utatoa hela bila kuhesabu. Mimi mwenyewe niliishika kidogo. Kwa mwezi, kwa kunguru aliyetulia juu ya nguzo, ni nzuri sana. Lakini sensa yake ni ndogo, jioni mwanga ukipungua picha inaanza chenga, na ukiwa umevuta mbali kisha ndege inakimbia, unaipoteza. Unabaki unachungulia bluu tupu. Pamoja na hayo bei ilikuwa juu ya mfuko wangu, kwa hiyo sikuumia sana kuiacha.

Tulichoishia ni Canon 700D, bodi tu bila lenzi, 430,000, na lenzi ya Canon 55-250 iliyoandikwa IS STM, 240,000. Memori kadi 25,000. Jumlisha na elfu 50 ya usumbufu. Nilibaki na elfu 5, tukala chipsi.

Kwa nini hiyo lenzi na siyo 75-300 ya Canon ambayo iko kila duka na inaonekana ndefu zaidi? Kwa sababu ile ya bei rahisi haina kizuia mtikisiko, na ukivuta mpaka mwisho picha inalegea, kingo za ndege hazikatiki vizuri. Hii ya 55-250 IS STM ina kizuia mtikisiko, fokasi yake ni ya haraka na kimya, na ni nyepesi, haifiki nusu kilo. Uzito usiudharau, mikono inayoshika hiyo kamera ni ya miaka 12, na kuna siku mabega yanamuuma hata bila kamera. Halafu kwa sababu sensa ya kamera hizi ni ndogo kuliko ya zile kubwa za kitaalamu, 250 inakuona kama 400. Kwa ndege zinazopita juu ya Kiwalani inatosha na chenji inabaki. Namba ya usajili inasomeka. Anayekaa mbali na uwanja, Mbezi huko au Kibaha, ataihitaji ndefu kuliko hii, na hapo bei inapanda ghafla.

SEHEMU YA 4

Kuikagua kamera iliyotumika. Muuzaji wa pili alikuwa mpiga picha wa harusi aliyehamia kamera kubwa, tulikutana kwake mchana, siyo barabarani usiku. Mama zangu, msikutane na mtu usiku na laki sita kwenye mkoba.

Nilitoa tochi yangu ndogo ya mfukoni, ile tunayoangalizia mboni za wagonjwa. Yule kaka akacheka. Nikamwambia subiri. Unaimulika lenzi kwa pembeni huku unachungulia upande wa pili. Vumbi kidogo siyo tatizo, kila lenzi inalo. Unachotafuta ni nyuzinyuzi kama utando wa buibui, au kama mizizi midogo. Huo ni ukungu, fangasi kabisa, na pwani hii yetu yenye unyevu anapenda sana vioo vya lenzi. Lenzi ya kwanza aliyonipa ilikuwa nao pembeni. Nikairudisha, akanitolea nyingine bila ubishi. Nafikiri hata yeye alikuwa hajauona.

Ya pili, weka kitundu cha lenzi kwenye f/16, piga ukuta mweupe au mbingu, kuza picha kwenye kioo. Madoa meusi yanayokaa palepale kila picha ni uchafu kwenye sensa. Madogo fundi anasafisha, mengi ni sababu ya kushusha bei. Halafu toka nje na kamera. Nilisimama mlangoni nikapiga bodaboda zinazonijia, kamera ikiwa kwenye ule mtindo wa fokasi unaofuata kitu kinachotembea. Kwenye Canon umeandikwa AI Servo. Kati ya picha 20, 14 zilikuwa kali. Kwangu ilitosha. Muulize na imepiga picha ngapi mpaka leo. Kamera za daraja hili hukadiriwa kuhimili kama 100,000, na mtu wa harusi anazimaliza upesi. Yeye alinionyesha hesabu, ilikuwa chini kidogo ya nusu.

Nyumbani haikai kwenye begi lake. Inakaa kwenye chombo cha plastiki cha mfuniko unaobana, kile cha kuwekea unga, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye makopo ya dawa. Wodini vilikuwa vinatupwa kila siku. Nimewaambia wenzangu waniwekee, sasa wananiita mama vipakiti.

SEHEMU YA 5

Jinsi anavyopiga. Hapa naandika anachoniamuru yeye, amekaa hapa pembeni ananisahihisha.

Ndege ya jeti, kasi ya shata 1/1000 au zaidi. Pangaboi hapana. Ukipiga pangaboi kwa 1/1000 mapanga yanaganda, yanatokea yamesimama kama feni umeme umekatika. Picha yake ya kwanza ya Dash 8 baba yake aliiangalia akasema, "Hii mbona injini imezima?" Mtoto alicheka mpaka nikamwambia akae chini. Kwa pangaboi anashuka 1/250, akiwa na mkono mzuri 1/160, mapanga yanazunguka kwenye picha. Lakini sasa kwa kasi hiyo ndogo lazima uifuate ndege kwa mwili mzima, viwiko vimebana mbavuni, ukigeuka kiunoni taratibu, na usiache kugeuka baada ya kubonyeza. Mimi nilimwelewa nilipofikiria kutafuta mshipa wa mtoto anayelia. Huufukuzi. Unaenda nao.

Ndege nyeupe kwenye anga jeupe inatoka nyeusi, kamera inadanganywa na ule mwanga. Anaongeza mwanga kidogo, kale kakipimo kenye kujumlisha na kutoa, anakapeleka kwenye kujumlisha mpaka karibu moja. Jua liwe mgongoni. Na saa sita mchana haendi, siyo kwa sababu yangu tu. Mabati yote haya yakipata moto, hewa ya juu yake inacheza kama mvuke wa sufuria, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayonyoosha hilo. Kwa hiyo anapiga kuanzia kunapokucha mpaka saa mbili, na jioni kuanzia saa kumi. Bila kupanga, ni saa zilezile ambazo ningemtaka awe nje. Asubuhi za Juni na Julai anavaa sweta na soksi, chupa ya maji iko pembeni ya ndoo. Akisahau kunywa, kamera naichukua. Hilo ni sharti pekee nililoweka.

Ndege inatua ikiukabili upepo, kwa hiyo kuna siku zinakuja kwa kwetu na kuna siku zinakuja kwa upande wa pili, na sisi tunabaki na zinazopaa. Daftarini sasa kuna safu ya upepo. Simwelewi tena.

Moja muhimu. Mwanzoni nilimpeleka karibu na uzio wa uwanja nikidhani ndiyo kumpenda. Askari akatujia, kwa heshima kabisa, akasema, "Mama, hapa hapapigwi picha." Akatueleza kwamba eneo la uwanja lina ulinzi na jirani pana jeshi. Tulifuta picha mbele yake, tukaomba radhi, tukaondoka. Baada ya hapo nilikwenda kwa mjumbe wetu nikamweleza mtoto anapiga nini na kwa nini, ili jirani asije akaogopa lenzi ndefu inayotokeza ukutani. Tunapiga kutoka uani kwetu, ndege ikiwa angani, basi. Wenye watoto kama wangu, anzeni kwa mjumbe.

SEHEMU YA 6, ya mwisho, maharage yameiva

Masika ilikuja. Ndoo tatu jikoni, baba yao hakusema neno, alikuwa anazimwaga tu. Usiku mmoja wa mvua Rubani akaamka na maumivu ya miguu na mgongo, na homa. Mtoto wa selimundu akiwa na homa hatusubiri kukuche. Bahasha ikatoka kabatini, tukaondoka saa tisa usiku.

Alilazwa siku tano. Ukiwa nesi halafu mtoto wako ndiye yuko kitandani, unajua kila kitu na hakikusaidii. Nilikuwa nahesabu matone ya dripu kama mwanafunzi. Siku mbili za kwanza hakutaka kuongea na mtu. Ndege zilipita, hakugeuka.

Siku ya tatu jioni baba yake alikuja na kile chombo cha unga kwapani. Nikamwambia wodini hatupigi picha, wewe unajua. Akasema hatupigi. Akafungua, akawasha kamera, akakaa kwenye kiti cha plastiki akaanza kupitisha picha moja moja kwenye kale kakioo kadogo, anajisemea kwa sauti. "Hii ya Emirates. Hii sijui ya nani. Hii ATR ya Precision, hii nayo ATR..."

Kutoka kwenye mto, macho bado yamefumba nusu: "Baba, umeangalia magurudumu?"

Akaisogeza kamera kwenye mwanga. Akaangalia muda mrefu.

"Yanatoka kwenye injini," akasema.

"Eeh. Sasa hiyo ni nini?"